NANI ATAICHUNGUZA KUTU YA KISAUNI?

Walezi wa chama chetu cha Kiswahili hawakucheka nilipowaambia kwamba nataka kuandika habari za kutu. Wenzangu walicheka, tena sana. Lakini naomba ndugu msomaji unisikilize mpaka mwisho, kisha ucheke ukitaka.

Kila mwaka shule yetu huwaalika wageni waje kutushauri juu ya kazi. Huja daktari, huja wakili, huja mtu wa benki aliyefunga tai mpaka ukamwonea huruma kwa joto letu hili. Mwaka mmoja alikuja rubani, na ukumbi ukajaa hadi madirishani. Tukipewa karatasi za kujaza mwisho wa siku, darasa zima huwa na madaktari thelathini, mawakili kumi na marubani waliobaki. Sina ugomvi na kazi hizo. Mgonjwa ataka daktari na mshtakiwa ataka wakili. Hoja yangu ni kwamba iko kazi moja ambayo sijapata kuisikia ikitajwa katika ukumbi ule, ilhali Kisauni yaihitaji kuliko Nairobi, na pengine kuliko Ulaya. Nayo ni kazi ya mtaalamu wa sayansi ya vifaa.

Nikisema vifaa sina maana ya nyundo na msumeno. Nina maana ya kile kitu chenyewe ambacho nyundo imefanyiwa: chuma, mti, simiti, kioo, plastiki, nguo, rangi. Mtaalamu huyu huuliza yale maswali ambayo mtoto mdogo huyauliza na mamake akamwambia nyamaza. Kwa nini hiki kimevunjika na kile kimepinda tu? Kwa nini kijiko cha juzi kimeshika kutu na cha bibi hakijashika? Mkemia ataka kujua kitu kimeundwa na nini, mhandisi ataka kujua atakitumia vipi, na huyu husimama katikati yao. Huangalia chembe za kitu zilivyopangana ndani na jinsi mpango huo unavyokifanya kiwe kigumu au laini, kioze au kisioze. Akishajua, huubadilisha mpango huo apate kitu kilicho bora.

Sasa hebu toka nje ya lango utembee, kutoka Kengeleni mpaka Mlaleo, ama ukipenda Mtopanga, ama Mishomoroni. Usitazame watu wala matatu, tazama vitu. Utaona madirisha yenye vyuma vilivyotiririsha machozi ya rangi ya kahawia ukutani. Utaona mabati yaliyotoboka kama chujio ilhali mwenyewe ajua vizuri aliyanunua lini. Kisha inua macho utazame zile nyumba za ghorofa, hasa chini ya roshani na pembeni mwa nguzo. Utaona ufa mrefu ulionyooka kama uliopigwa rula. Ufa ule haukunyooka kwa bahati: umeufuata ule mwondo wa chuma uliolala ndani. Pengine zege limeshabanduka, na vyuma vimejitokeza kama mbavu za punda mwenye njaa.

Mwenye nyumba hufanya nini? Huita fundi akapiga plasta juu yake, rangi ikapakwa, na mpangaji mpya akaingia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeifuata methali hii kwa utiifu mkubwa mno. Tunaziba nyufa mchana kutwa. Kinachopasua ukuta kimo ndani na kinaendelea na kazi yake, kikulacho ki nguoni mwako. Mtaani kwetu kipande cha slabu kiliangukia kitanda cha mtoto saa za alasiri. Mtoto alikuwa chuoni akisoma, alhamdulillahi. Watu walikuja, wakatazama juu, wakatikisa vichwa, wakasema ni simiti ya wizi.

Mimi nasema si lazima iwe simiti ya wizi. Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu, basi niruhusu nikae kidogo.

Simiti ikichanganywa na maji huwa kali sana, si kali ya tindikali bali ya upande wa pili, kama magadi. Ule ukali ni rehema kwa chuma. Chuma kikiwa ndani yake hujivika ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo huzuia kutu. Ndiyo sababu nyumba za zege zenye vyuma zaweza kusimama miaka mia. Lakini chumvi ya bahari ina adui wa ngozi ile, nayo ni kloraidi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Chumvi hiyo huja na upepo wa kusi na wa kaskazi, huja na mchanga usiooshwa, huja na maji ya kisima. Hupenya polepole katika vitundu vya zege mpaka ikifikie chuma, ikaitoboa ile ngozi, na kutu ikaanza. Nayo kutu ina tabia mbaya: hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Ndani ya zege hakuna nafasi. Basi kutu husukuma, na zege, ambalo ni hodari kwa kubeba mzigo lakini dhaifu kwa kuvutwa, hupasuka. Ule ufa ulionyooka ndio huo.

Nilimwendea fundi mmoja wa mtaani, mtu wa makamo ambaye sote twamwita ami, amejenga nusu ya nyumba za upande wetu. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini achanganya zege kwa maji ya kisima cha chumvi.

"Mwanangu," akaniambia, "maji matamu yauzwa kwa mtungi, nani atanunua mitungi mia akachanganye kokoto? Na tena nikwambie, haya ya chumvi simiti yashika upesi. Leo wamwaga, kesho wapanda juu."

Ami hakusema uongo hata kidogo. Kloraidi huharakisha simiti kushika, na ukitengeneza jiwe la zege kwa maji ya chumvi ukalivunja kwa mashine baada ya siku 28, kama wafanyavyo katika maabara, huenda likafaulu vizuri. Na kama zege hilo halina chuma ndani, chumvi hailidhuru sana. Warumi wa kale walijenga bandari kwa chokaa, majivu ya volkeno na maji ya bahari yenyewe, na baadhi ya kazi zao zingalipo baada ya miaka 2000. Basi fundi ameona kwa macho yake, mwaka baada ya mwaka, kwamba maji ya kisima yafaa. Asichokiona ni mwaka wa kumi na tano, kwani wakati huo yeye yuko kwenye nyumba nyingine, mwenye nyumba ameshamwuzia mtu, na aliyelala chini ya slabu ni mtoto ambaye hakuwapo siku ya kujenga. Chovya chovya yamaliza buyu la asali, na chumvi nayo haina haraka.

Kazi ya mtaalamu wa vifaa ni kuuona ule mwaka wa kumi na tano leo. Huuona kwa kupima, hatazami nyota. Atakwambia mfuko wa simiti wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 25 hivi za maji, na kwamba kila karai la maji unaloongeza ili zege limwagike kwa urahisi litakauka liache vitundu ambavyo ndivyo njia ya chumvi. Atakwambia chuma kifunikwe kwa zege la milimita 50, yaani vidole vitatu, si kile kidole kimoja tunachokiona mitaani. Atakwambia zege linyweshwe maji siku saba. Hakuna hata moja kati ya haya lililo siri. Yameandikwa vitabuni, kwa Kiingereza, na vitabu viko maktaba za vyuo, na ami yuko Mtopanga juu ya ngazi.

Nyumba ikianguka ghafula sote hupiga kelele. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na zaidi ya watu 40 wakafa. Taifa zima lilishtuka, na haki yake. Lakini nyumba inayoliwa na chumvi haiangui watu arobaini kwa usiku mmoja. Hutoa kipande leo, kipande mwakani, na habari zake hazifiki gazetini.

Wako watakaosema sayansi hii ni ya wageni, hatuna asili nayo. La hasha! Tazama ng'ambo ya kivuko uione Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini mawe yake ni matumbawe ya pwani hii, na matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa yalikuwa kazi ya mafundi wa pwani karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Kuta zile hazina miondo ya chuma, basi chumvi ya bahari imezipiga zaidi ya miaka 400 na haikukuta cha kupasulia. Mafundi wetu walichoma matumbawe katika tanuu, wakayazima kwa maji, wakaiacha chokaa ikae kabla ya kuitumia. Boriti za mikoko zilikuwa na urefu wa mita tatu au pungufu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Mombasa ni vyembamba na virefu. Kifaa ndicho kilichochora ramani ya nyumba. Na ule mtepe uliosafiri pwani yote hii ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila ya msumari hata mmoja. Walijua walichokuwa wakikwepa.

Hata chuma chenyewe si kigeni. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma na kukiuza. Huko Galu, karibu na Diani, Profesa Chapurukha Kusimba na wenzake walichimbua mabaki ya kazi za wahunzi wa kale wa pwani. Na Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria nchini Tanzania, kuna habari ninayoipenda kuliko zote. Wataalamu wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt wa mambo ya kale na Donald Avery wa uhandisi, waliwaomba wazee Wahaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyokumbuka kutoka ujana wao. Wazee wakajenga. Mwaka 1978 wawili hao waliandika katika jarida la Science kwamba ufundi ule ulitoa chuma cha pua, na kwamba matanuri ya namna hiyo yalikuwako huko miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Mifereji ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa.

Tusivimbe vichwa, lakini. Elimu ile ilikuwa ndani ya vichwa vya wazee wachache, na wao wasingeulizwa wakati ule ingezikwa pamoja nao. Ni elimu ngapi zimezikwa Kisauni hii hii? Mimi nimeuliza watu wazima wengi mtaani namna ya kujenga tanuu la chokaa, na jibu lao ni kuwa babu alijua.

Ajabu nyingine ni kuwa kitu hiki tumekipakana nacho. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kiko papa hapa Kisauni, nacho kilianza kutoa simiti mwaka 1954. Mwaka 2024 kampuni yake ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Sote tumepelekwa ziara Haller Park, sote tumepiga picha na kobe, na ukimwuliza mwanafunzi yeyote atakusimulia Owen, yule kiboko aliyechukuliwa na maji wakati wa tsunami ya Desemba 2004, na urafiki wake na kobe Mzee. Ni kisa kizuri, sikikatai. Lakini ni wangapi waliouliza lile shimo kubwa lilichimbwa kwa ajili ya nini? Lilichimbwa ili kutoa mawe ya matumbawe, mawe yale yale ya Ngome ya Yesu, yasagwe, yachanganywe na udongo, yachomwe katika tanuri linalozunguka kwa joto la nyuzi 1450 hivi, yatoke vidonge vigumu viitwavyo klinka, visagwe tena viwe simiti. Na hata ule msitu uliooteshwa shimoni ni somo la vifaa. René Haller alipoanza mwaka 1971 alikuta mwamba mtupu wenye chumvi. Alijaribu miti ya aina 26, na iliyostahimili ilikuwa ya aina tatu tu, mvinje ukiwa ndio hodari. Majani ya mvinje yalikataa kuoza, mpaka akaleta majongoo wayale na kuyageuza udongo. Hayo ndiyo mambo ya kuuliza ukienda ziara, ukishamaliza na kobe.

Ndani ya kiwanda kama kile iko maabara, na humo ndimo kazi ninayoisema ifanyikamo kila siku. Si kazi ya sinema. Ni kuchukua kiasi cha simiti, kuipima laini yake, kufinyanga vipande, kuviweka majini, kuvivunja vingine baada ya siku mbili na vingine baada ya 28, kuandika, na kesho kurudia. Mtu asiyependa kurudia asiiendee. Lakini humo humo yamo maswali ambayo dunia nzima yatafuta majibu yake. Ukichoma jiwe la chokaa hutoa hewa ya ukaa lenyewe, hata lau ungelichoma kwa kuni za peponi, na viwanda vya simiti duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa hiyo itolewayo na binadamu. Sasa wataalamu wanapunguza klinka hata nusu, wakatia badala yake udongo uliochomwa na chokaa mbichi iliyosagwa. Udongo tunao, chokaa tunayo. Kwa nini majaribio yafanywe kwingine tu?

Na tazama yaliyotokea Kwale. Mchanga wa madini, yaani ilmenaiti, rutaili na zikoni, ulianza kusafirishwa mwaka 2014 kupitia Likoni, na uchimbaji wa kampuni ya Base Titanium ukaisha Desemba 2024. Sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani hugeuzwa unga mweupe ambao ndio unaoifanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Mchanga umekwenda, na unga huo twaununua ndani ya makopo ya rangi kama mtu asiyewahi kuwa na mchanga. Sisemi kila nchi lazima iwe na kiwanda cha kila kitu. Nasema kwamba kwa miaka kumi melini zilipakia mbele ya macho yetu, na sikumbuki somo hata moja shuleni lililotuuliza ule mchanga ni nini.

Habari njema zipo pia. Nzambi Matee, Mkenya mwenzetu, mhandisi wa vifaa, aliacha kazi ya mshahara mwaka 2017 akaanza Gjenge Makers huko Nairobi. Huchanganya plastiki taka na mchanga, huvipasha moto na kuvishindilia, na hutoa matofali ya kutandika njiani yenye nguvu kuliko ya zege. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunukia. Lamu nako, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi zima la plastiki iliyotumika, likapambwa kwa makubadhi 30,000 yaliyookotwa, likaitwa Flipflopi. Lilishushwa majini 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki haisongwi kama mbao, basi mafundi walilazimika kujifunza upya vipi itapinda na vipi itashika msumari. Na sisi tuna jaa la Mwakirunge, ambalo harufu yake twaijua kuliko tunavyojua kilichomo.

Najua swali linalokuja, maana nimeulizwa na mjomba, na rafiki, na hata mwalimu mmoja: kazi yenyewe iko wapi? Nitajibu kweli. Hutaona tangazo gazetini lenye jina hilo. Utaajiriwa kwa jina jingine: mkemia wa kiwanda, mkaguzi wa ubora, mhandisi wa matengenezo. Mariakani wanapaka mabati zinki na aluminiamu ili zinki ijitoe mhanga iliwe na chumvi badala ya chuma. Bandarini kuna meli za kukarabatiwa na kreni za kulindwa. Shirika la Viwango la Kenya lina kazi ya kupima tangu 1974. Na ukitaka kusoma juu zaidi, Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela yenye kitivo kizima cha vifaa, nishati, maji na mazingira. Ukitaka kwenda mbali, Sossina Haile aliyezaliwa Addis Ababa ni profesa wa fani hii katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na mwaka 2001 aliandika katika jarida la Nature juu ya namna mpya ya kitovu cha seli za kutoa umeme kwa haidrojeni. Kwa hiyo kazi ipo, ila haina bango. Mshahara wake hautaushinda wa rubani, hilo nalo nalikubali.

Wengine wataniuliza, haya yote yanahusu nini Kiswahili, hata yakaandikwa katika jarida la chama hiki? Yanahusu sana. Ami hasomi vitabu vya Kiingereza juu ya kloraidi, na aliyeviandika hajui maana ya karai wala koleo. Mtaalamu atakayetoka Kisauni ndiye atakayeweza kusimama chini ya ngazi akasema, "Shikamoo ami," akaitikiwa, kisha akaeleza kwa nini maji yanayoshika upesi leo yataiua nyumba kesho, tena akamsikiliza ami naye, kwani ami amegusa zege miaka thelathini na ana mengi ya kusema ambayo hayamo maabara. Zege halina budi kuzungumzwa kwa lugha ya wanaolichanganya. Maneno tunayo: kutu, tanuu, chokaa, kokoto, udongo, kunywesha, kushika. Yanayokosekana tutayaunda, na hiyo ni kazi ya chama hiki kuliko ngonjera ya thelathini juu ya siku ya wazazi. (Watunzi wa ngonjera wanisamehe.)

Basi naleta pendekezo, na wenzetu wa chama cha sayansi wamekubali kushirikiana. Tufinyange vipande kumi na viwili vya zege, kila kimoja kikiwa na msumari ndani. Vinne kwa maji ya bomba, vinne kwa maji ya kisima cha hapa shuleni, vinne kwa maji ya bahari kutoka ufuo wa Bamburi. Nusu ya misumari tuifunike kwa kidole kimoja cha zege na nusu kwa vidole vitatu. Tuviweke juu ya ukuta wa nyuma ya maabara, vipigwe jua, mvua na upepo, na kila muhula mtu apande avipige picha na aandike kwa Kiswahili alichokiona. Ami amekubali kuja kuchanganya, ila ameapa kuwa vya kisima vitashinda. Misumari ninayo, ya inchi nne, na maji ya kisima ni bure. Tumebakiwa na nusu mfuko wa simiti, na wanafunzi wawili au watatu wa madarasa ya chini watakaopanda ukutani baada yetu, kwa sababu kutu ikianza kuonekana sisi wa kidato cha nne hatutakuwapo hapa. Anayetaka aandike jina lake kwenye daftari lililo kwa katibu wa chama.